Bibi Anakusalimu

Tarehe 3 Februari

Fundi wangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. U mzima huko ulipo? Sisi huku wazima, hatuna la kusema ila shukrani. Kazi yangu ya udobi hospitalini ni ile ile, mashuka hayaishi.

Gauni ulilomshonea bibi yako lilifika salama Novemba kwa mkono wa mchungaji. Limevaliwa kanisani Jumapili mbili mfululizo na watu wameuliza fundi ni nani. Bibi anakusalimu sana. Anasema umalize utumishi wako wa Injili kwa moyo mmoja, maana katika ile miaka miwili zimebaki wiki chache tu, na usihangaike na ya nyumbani.

Mama yako

Tarehe 2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi niko kwa shangazi, sina ugonjwa ila kichwa kinaniuma kwa kulia. Simu zako naziona. Sipokei kwa makusudi, usiusingizie mtandao.

Mlinipokea kanisani kwa vigelegele. Nikavishwa maua shingoni kama bibi harusi, nikapewa kipaza sauti, na mimi nazungusha macho kwenye benchi la wazee namtafuta bibi. Nilipokuuliza, ukaninong'oneza, "Tutaongea nyumbani." Nyumbani nikakuta chumba chake kimepakwa rangi na cherehani yangu imewekwa penye kitanda chake. Ndipo ukasema amefariki tangu Agosti.

Agosti, mama! Miezi saba nimesalimiwa na mtu aliyezikwa. Nimekaa siku nne nikikutazama unavyopika na kuimba, nikaona nikibaki nitakuvunjia heshima. Na lile gauni alilivaa nani?

Mwanao

Tarehe 9 Aprili

Fundi wangu,

Marahaba. Pole na kichwa, meza dawa na usilale na njaa. Sisi huku wazima.

Gauni nililivaa mimi. Nilitaka angalau kitu kimoja katika ile barua kiwe kweli. Kwapani lilinibana, nikavumilia hadi baraka ya mwisho.

Usinione mnyama, mwanangu. Kabla hamjaondoka, kamati ya utume ilituketisha wazazi. Mwenyekiti akasema barua za nyumbani ni za kutia moyo tu. Msiba, ugonjwa na ugomvi vikae mpaka mtoto arudi, kwa sababu kuna kijana aliwahi kupata habari mbaya akaacha kazi katikati. Simu zenu mlikuwa mmeziacha ofisini kwao, na kila barua ilipitia mikononi mwa mwenyekiti kabla ya kufungwa. Ile niliyoandika kuhusu msiba alinirudishia, akaniambia niandike nyingine. Nikaandika. Iliyofuata ikawa rahisi zaidi, baadaye nikazoea.

Naona ulisikie na hili kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Vijana wengine wanaondoka mwezi ujao, na mwenyekiti ameniomba niwafundishe wazazi wao kuandika. Anasema barua zangu zilikuwa za mfano.

Rudi nyumbani. Chumba ni chako.

Mama yako

Tarehe 18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima.

Za mfano! Niliposoma hapo niliitupa barua chini, shangazi akaiokota akidhani nimepatwa na jambo. Mimi nami niliwaandikia mnayoyapenda, sikatai. Nililala na homa wiki tatu nikawaandikia habari za watu kumi na mmoja waliobatizwa. Lakini sikumfufua mtu.

Bibi ndiye aliyenilea ulipokuwa kwenye zamu. Ndiye aliyenishika mkono nikajifunza kutia uzi kwenye sindano. Sitaki salamu wala kutiwa moyo. Niandikie alivyokufa, siku baada ya siku, na mwenyekiti asiione hiyo barua. Kama huwezi, basi tusiandikiane tena, wala usimtume shangazi anibembeleze.

Mwanao

Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nimechana karatasi nne.

Aliugua siku tisa, kifua. Nilikuwa namwosha asubuhi kabla ya zamu, na mashuka yake nayafua pamoja na ya hospitali. Siku ya tano akaacha kula. Siku ya sita akaniambia, "Mwite Fundi." Nikamwambia uko kwenye kazi ya Mungu. Akasema, "Mungu ana watu wengi. Mimi ninaye huyo mmoja."

Siku ya saba akarudia. Namba ya ofisi ya utume ilikuwa kwenye mfuko wa sare yangu. Sikupiga. Sikumwuliza mchungaji, sikumwuliza mwenyekiti, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Niliona aibu. Niliogopa watu waseme mtoto wa dobi ameshindwa utume, amerudi kabla ya wenzake. Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nikiwa nabadilisha foronya, akanyamaza.

Kifo chenyewe ningekuandikia tu. Hilo la yeye kukuita ndilo lililonishinda, na ndiyo maana mwenyekiti aliponirudishia barua sikubishana naye. Nilishukuru.

Wale wazazi sikwenda kuwafundisha. Nilimwambia mwenyekiti mgongo unaniuma. Hata hapo nimedanganya. Sasa unajua yote, sijabakiza kitu.

Mama yako

Tarehe 3 Juni

Mama,

Shikamoo.

Wiki tatu kalamu imekataa. Kuna siku nilitamani ungenidanganya tena, nikakasirika zaidi kwa kutamani hivyo. Shangazi nilimsomea, akalia, akaniambia nikusamehe. Nikamwambia asiniharakishe.

Sijakusamehe. Ungepiga simu siku ile ya sita ningemkuta hai, hata kama ningekuja kwa miguu. Nimehesabu njia nzima na ningemkuta. Nashona nguo za watu hapa huku nalihesabu hilo, juzi nimekata mkono wa shati la mteja mara mbili.

Lakini kukununia kwa mbali kumenichosha. Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kanisani usimwambie mtu, sitaki kupokewa. Unipeleke kaburini wewe mwenyewe, tuwe wawili tu. Tukifika, unisimulie siku ya sita na ya saba kwa mdomo wako, ukinitazama usoni.

Mwanao