Mstari Nilioufuta

Troyeville, Johannesburg
Jumatatu

Kwako Kipkoech,

Barua hii nimempa dada yako Jeptoo, aliyekuja huku Sandton kwa mkutano na anarudi kesho, maana namba yangu uliifungia na sikulaumu. Mimi ni mzima. Ugali wa huku huitwa pap. Jirani yangu Thérèse, fundi wa nguo kutoka Bukavu, anauonea huruma, kwa hiyo Jumapili tukitoka kanisani hunisongea ugali wa kweli. Taa za barabarani zikizimika nasema eish kama mwenyeji.

Sasa nisikilize. Ile programu tuliyoiandika Nairobi tukaigawa bure ina tundu. Anayelijua anaweza kuingia na kusoma siri za watu, na siku hizi hata zahanati zinaitumia. Aliyeligundua ni mstaarabu: ametupa hadi Ijumaa tulizibe, kisha atalitangaza.

Marekebisho nimeshayaandaa. Lakini kuna kanuni yako, kwamba hakuna badiliko linalotoka mpaka sisi wawili tukubali. Uliiweka wiki ile nilipofuta mstari wako wa kumkagua anayeingia, bila kukuambia, nikasema woga wako unachelewesha kazi. Tukagombana, ukaondoka na sufuria kubwa, ambayo siidai.

Tundu liko palepale.

Basi fungua kompyuta ukubali. Hutasoma mengi. Ni mstari mmoja tu, ule wako. Nimeurudisha kama ulivyokuwa, na juu yake nimeandika jina lako.

Ni mimi niliyekuita mwoga,
Kagendo