Barua Pepe Zilizoandikwa "Imetumwa"

Visiga, Jumanne jioni

Kosa la wengi wetu ni kuliamini neno "imetumwa". Maana yake ni kwamba programu imeikabidhi barua pepe kwa seva, kompyuta inayosambaza barua, basi. Halisemi kama imefika.

Leo Zuhura, mwombaji wa chuo chetu cha uuguzi, amekuja kutoka Msimbu. "Shikamoo, mwalimu. Mwenzangu Amina kaitwa kwenye usaili, mimi kimya. Au mmenichoka kabla hamjaniona?"

"Marahaba. Mbona hapa inaonyesha imetumwa?"

"Basi mmemtumia jini."

Nilicheka, nikafungua kumbukumbu za seva. Seva tuliyokodi inapokea barua chache kwa saa, zinazozidi inazitupa. Nasi hutuma zote kwa mkupuo, Ijumaa kabla ya swala, kwa mpangilio wa alfabeti. Orodha fupi hufika yote. Ikiwa ndefu, wenye herufi za mwisho huachwa.

Miaka mitatu nimewaandika "hakuhudhuria". Miaka mitatu, na mimi ndiye...

Usaili ni kesho asubuhi. Zuhura sasa anajua, wenzake kumi na mmoja ambao barua zao zilitupwa hawajui. Wenzangu wa ofisini, wapigieni simu sasa hivi, mmoja mmoja.