Nani Amemwokoa Tausi?

Rumonge, Jumapili, tarehe 13 Julai

Mwajuma,

Leo kuna vumbi na upepo wa ziwani, na milima ya Kongo haionekani kabisa. Nimefunga kibanda cha baiskeli mapema. Mtu mwenye mashaka kichwani hafai kushika spana.

Ninakuandikia wewe, lakini ukurasa huu wa mtandaoni alionifungulia binti yetu Zuhura unasomwa na wapita njia pia. Kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua.

Kuna mtu anaandika mwendelezo wa riwaya yetu ya Tausi.

Zuhura anasema si ajabu. Siku hizi watu wanazichukua riwaya za zamani na kuziendeleza. Wengine wanamchukua mtu aliyepita kitabuni mara moja tu, mpishi au mlinzi wa mlango, wanamtungia maisha yake mwenyewe. Anasema ni mapenzi kwa kitabu. Yeye ndiye aliyenitumia sura ya kwanza kutoka Bujumbura, akidhani nitafurahi. Anayeandika anajiita Msomaji wa Rumonge.

Sikufurahi.

Kitabuni Tausi anakufa. Anapanda mtumbwi kumkimbia mjomba wake, mtumbwi unapinduka, na hadithi inaishia hapo. Kila aliyekisoma kitabu anajua hivyo, sisi tu ndio hatukujua. Nakala yetu ilirudi nasi kutoka kambini Tanzania bila kurasa za mwisho, kwa kuwa mtu alizichana akawashia moto. Ulikuwa unanisomea kwa sauti, na siku ulipofika pale karatasi zilipokatikia nilikuuliza, kisha? Mvua ilikuwa inanyesha, Zuhura bado yuko tumboni. Hukusita. Ulisema Tausi anakumbuka kwamba amesahau birika lake, anashuka kulifuata, na anaporudi ufukweni mtumbwi umeshaondoka. Ukacheka peke yako.

Baada ya mazishi, nguo zako alizichukua dada yako. Picha ziko kwa Zuhura. Ule mwisho nilijua ni wangu, sikumwambia mtu yeyote.

Sasa sura ya kwanza ya huyu Msomaji inaanza hivi: Tausi amesimama ufukweni, birika mkononi, anautazama mtumbwi unavyokwenda bila yeye.

Wasomaji wake wanamuuliza, kwani Tausi hakufa maji? Anawajibu kwamba huku kwetu hakufa.

Huku kwetu. Nililirudia neno hilo mpaka likaniuma.

Nikasoma sura nyingine, na mashaka yakazidi. Tausi huyu anasugua birika kwa majivu na kuliinamisha dirishani. Ndala zake anazipanga zikitazama nje. Mtu akimpa ahadi, anajibu, "Tutaona." Huyo si Tausi, Mwajuma. Huyo ni wewe. Nani alikutazama kwa karibu kiasi hicho, nami nisimwone?

Wiki nzima nimewatazama watu wa mji huu kwa jicho baya. Mteja akiniletea baiskeli yenye pancha namwangalia vidole kama ni vya mwandishi. Nikamfikiria mwalimu Gervais zaidi ya wote. Aliwahi kuazima kitabu chetu, akakaa nacho muda mrefu mno, na alipokirudisha jalada lilikuwa limegundishwa upya kwa uangalifu. Mwanaume hagundishi jalada la kitabu cha mke wa mtu bila sababu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na sijivunii.

Ijumaa nilimpelekea baiskeli yake mwenyewe, ingawa kwa kawaida huja kuichukua.

"Amahoro, Baba Zuhura. Imepona?"

"Imepona. Mwalimu, wewe unaandikaka hadithi kwenye telefone?"

"Hadithi gani?"

"Ya Tausi."

Akacheka mpaka akaishikilia baiskeli. "Kile kitabu kilinishinda, hata katikati sikufika. Nilikuwa naona haya kukirudisha bila kumaliza. Ndiyo nikagundisha jalada, angalau ionekane nimefanya kazi."

"Kwa hiyo si wewe uliyemtoa kwenye mtumbwi?"

"Mimi nafundisha hesabu, Baba Zuhura. Kwangu mtu akizama, amezama." Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Uliza wanawake wa chikichi. Mama Zuhura si alikuwa anashinda kule?"

Kweli ulikuwa unashinda kule, kwenye kinu cha mafuta ya mawese, ukichambua chikichi kutoka kwenye mikungu. Sikuwahi kujiuliza mnazungumza nini mkiwa kule. Nilidhani ni bei ya sabuni na habari za harusi.

Jana asubuhi nikaenda. Waliniona kabla sijakaribia.

"Leo tumepata mwanaume wa kuchambua."

"Muache, pengine amekuja kutafuta bibi."

"Hapa bibi iko, lakini mahari ni mikungu kumi kwa siku."

Nikawasalimu, nikauliza moja kwa moja ni nani anaandika habari za Tausi. Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia Mama Neema, yule mama kutoka Fizi, Kongo, anayepanga chumba nyuma ya kinu. Sikuwahi kumfikiria. Kwangu alikuwa mtu wa kusalimia tu na kupita.

"Ni mimi," akasema. "Kaa basi. Uko unaniangalia kama polisi."

Nikakaa juu ya kopo la mafuta. "Habari ya birika ulipewa na nani?"

"Na Mwajuma. Alituambia sisi wote. Chikichi zikibaki nyingi na mikono imechoka, anaongeza kipande. Tausi ameolewa, Tausi amefungua duka la chumvi, Tausi amegombana na mama mukwe. Wewe hukujua?"

Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe alizani ni yake peke yake."

Hawakunicheka. Afadhali wangenicheka.

Mama Neema akaeleza akiendelea kuchambua, bila kuniangalia. Ulipozidiwa na ugonjwa ukashindwa kuja kinuni, alikuja kukuona. Ukamwambia, endeleeni na Tausi, ila musimuue. Naye akaona wanawake wameanza kusahau, huyu anasema duka lilikuwa la chumvi, yule anasema la vitenge. Ndipo akaanza kuandika. Sasa anataka sura zichapwe pale kwenye fotokopi, zishonwe kiwe kitabu kidogo.

"Jina lake mbona hukuliweka?" nikauliza.

"Niliogopa. Jina la marehemu lina wenyewe. Nilisema watu wa nyumbani kwake wataniuliza nani amenipa ruhusa."

"Mwenyewe ni mimi. Liweke. Liweke mbele."

"Litatangulia, Baba Zuhura. Langu sijui hata kama nitaliweka."

Hapo ningesimama nikaenda zangu. Nilikuwa nimepata nilichokijia, na mtu niliyemshuku alikuwa hana kosa lolote. Lakini kuna sura moja ilikuwa bado inanichoma, nami sikuweza kuondoka nayo.

"Na yule mume wa Tausi? Fundi mwenye grisi vidoleni, anayelala mke wake akimsimulia?"

Wanawake wakainamia chikichi zao kwa bidii ambayo sikuwa nimeiona tangu nifike. Mabega ya mmoja yalikuwa yanatikisika.

"Ule ni mutu wa kitabu tu," akasema Mama Neema.

Simwamini.

Nimeisoma sura hiyo tena leo. Tausi anamsimulia mumewe habari za duka la chumvi, mume anaitikia ehe, ehe, mpaka ehe zinakuwa pumzi za usingizi. Tausi hakasiriki. Anamfunika, anaenda kumalizia hadithi kwa majirani.

Mwajuma, mimi nilikuwa nafumba macho tu. Ningekuwa nalala, ningejuaje habari ya birika? Hilo nilimwambia hata Zuhura kwenye simu, naye akasema, "Ndiyo, Baba," kwa sauti ile anayoitumia kwa watoto wake.

Kwa hiyo simshuku tena mwalimu, wala Mama Neema. Ninayemshuku sasa ni mimi mwenyewe.

Duka la chumvi sikulijua. Ugomvi na mama mkwe sikuujua. Nimehesabu yote wanayoyajua wale wanawake na mimi siyajui, nimeona ni maisha mazima. Hukuniambia hayo kwa sababu uliyaweka kwa ajili ya wale wa kinuni? Au uliniambia yote, usiku baada ya usiku, nami nikaitikia ehe?

Hakuna wa kumuuliza.

Kesho nitafunga kibanda saa za mchana, niende nikaketi nao. Mama Neema amesema hawajafika mwisho, na kwamba mikono ya ziada haikataliwi. Nitachambua nikisikiliza. Wakinitania nitakubali.

Nawe, ukinikumbuka huko, nakuomba unikumbuke nikiwa macho.