Upepo wa Mfano

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo na baridi ya huko? Sisi wazima, ila mpwa wako kifua kinambana tena. Kamati ya shule mpya imeniuliza moshi wa kiwanda cha saruji unaangukia wapi, wasije wakajenga chini yake. Na huyo mpwa wako atasoma hapo. Modeli, yaani programu ya kompyuta ya kukokotoa hayo, ipo, ila kuiendesha ni kuandika amri ukurasa mzima. Mimi mtafiti wa vumbi, kompyuta na mimi wapi na wapi! Nimekwama.

Dada yako

20 Machi

Shikamoo dada,

Huku salama. Mpe pole mpwa wangu. Nimekutengenezea ukurasa wa mtandaoni wa kuiendesha hiyo modeli: chagua mahali, chagua mwezi, bonyeza. Amri zote nimezificha nyuma. Hata wewe unayezima kompyuta kwa kuchomoa waya utaweza. Wape na watafiti wenzako.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu tele. Mikono yako ibarikiwe! Nimebonyeza, ramani ikatoka na rangi zake: moshi wote unaelekea mtoni, kiwanja cha shule ni salama. Kamati imeitundika ukutani na msingi unachimbwa. Nilicheka peke yangu ofisini.

Dada yako

5 Aprili

Shikamoo dada,

Za afya utaniambia baadaye. Nimetazama kazi yako iliyohifadhiwa kwenye ukurasa. Kisanduku cha upepo, kile cha chini kabisa, hukukijaza. Kikiachwa wazi, ukurasa unatumia upepo wa mfano, wa mji huu ninaokaa mimi. Niliutia ili ukurasa usigome. Nilirahisisha kupita kiasi. Weka vipimo vya kituo chenu cha hali ya hewa, uendeshe upya. Naogopa, dada.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Mpwa wako anapumua vizuri leo; mimi usiniulize. Niliweka upepo wetu, moshi ukatua juu ya kiwanja chenyewe. Nikaenda kuiambia kamati nimekosea. Mwenyekiti akaruka: "Juzi mtoni, leo shuleni! Wewe na ndugu yako mnatuchezea?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Sikubishana. Nilimsogezea kompyuta na vipimo vya kituo, nikamwambia aendeshe mwenyewe. Akajaza, akabonyeza. Akafuta, akachagua mwezi mwingine, akabonyeza tena. Nje mafundi walikuwa wanasubiri kumwaga zege.

Mara ya tatu moshi ulipotua tena kiwanjani, alivua miwani, akamtuma katibu awaambie mafundi wakusanye vifaa vyao.

Dada yako