Njia ya Juu Uliyotuchorea

Ndani ya gari,
nyuma ya karakana ya breki.
Alhamisi, 14 Agosti.

Kaka yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Wifi hajambo? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukikaa sana? Nimekupigia simu mara sita hukupokea, basi naandika. Barua huwezi kuikata.

Mama ni mzima. Nakuambia hilo mapema ili usome mengine ukiwa umetulia, ingawa sijui kwa nini nakuonea huruma.

Unalijua gari letu la nyumba, lile basi kuukuu ambalo shemeji yako alilitia jiko, tangi la maji na vitanda. Nililipima kwa utepe, nikakuandikia urefu, kimo na uzito wake, nikakuomba utuchagulie njia ya kuvuka milima tumpeleke Mama kwa daktari wa miguu. Kwetu hakuna anayewasha gari mpaka wewe uchore njia. Ukachora ya juu. Pembeni ukaandika: "Ya chini ina malori mengi, iacheni."

Kwenye kituo cha mafuta, dereva wa lori la saruji alitushauri tufuate ya chini. Ni ndefu, lakini haina miteremko mikali. Mama akamkatiza dirishani: "Baba wee, mwanangu ameendesha malori miaka ishirini. Shika usukani wako!" Tukacheka, tukapanda.

Kona ya tisa haipo, Kaka. Imemeguka, lami inaning'inia hewani. Pa kugeuzia hapakuwepo. Shemeji yako alirudi kinyumenyume kilomita nzima, breki zinanuka, mimi natembea nyuma kumwelekeza. Mama hawezi kushuka kwa miguu ile, na kitanda chake kiko nyuma kabisa, kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia. Alikuwa akinipungia mkono dirishani. Nililia waziwazi.

Chini tulimkuta msimamizi wa barabara akiinua kizuizi kilichokuwa kimeangushwa na lori. Akauliza nani katutuma. Nilipokutaja, akashika kiuno.

"Yule? Si alinipigia Jumatatu kuuliza hali ya njia! Nikamwambia hata pikipiki sipitishi."

Karatasi yako uliiandika Jumanne.

Nimejaribu kukutetea. Labda ulitegemea tukute kizuizi, tukate tamaa, turudi nyumbani. Lakini njia ya chini inapita mlangoni kwako, na Mama alishasema angependa kupumzika hapo wiki mbili tatu. Ungeniambia tu, "Mdogo wangu, simtaki hapa," ningepita bila hata kupiga honi. Ningenuna, halafu yangeisha. Hili haliishi. Umetusaliti, Kaka, na ulikuwa na siku nzima ya kujirudi.

Breki mpya zinafungwa leo. Kesho tunashika njia ya chini, na kwako hatutasimama. Nimemwambia Mama umesafiri.

Nisalimie wifi na mapacha. Mungu akulinde kila ushikapo usukani.

Mama naye anakusalimu sana. Maneno ya msimamizi hakuyasikia. Amenituma nikushukuru kwa njia uliyotuchagulia. Anasema mlima kumeguka si kosa lako, na kwamba kati ya watoto wake wote, wewe ndiye unayemfikiria.

Mdogo wako,
anayekupenda bado, ingawa leo kwa shida.