Kidole cha Yunisi

Mume wangu mdogo Daudi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Chamwino mtama umekauka kabla ya kuzaa, babu yako anakohoa, na mimi bado naongea kuliko redio. Umeniuliza kama kweli binamu yako Neema, asiyesema, anasoma mawazo ya mama yake, maana akishikwa mkono naye huonyesha kwenye ubao wa herufi kila neno ambalo mama analiwaza.

Utotoni kwetu Mlali tulikuwa na jirani, Yunisi, msichana asiyesema. Mama yake akimshika kiwiko, kidole chake kilionyesha alikoelekea ng'ombe aliyepotea. Watu walijaa uani, nami mbele kabisa, mdomo wazi.

Siku moja mzee mmoja alikuja kuuliza habari za fahali wake. Mama akauachia mkono ili ajifunge khanga vizuri. Kidole cha Yunisi kikaenda tumboni kwake mwenyewe, kikabaki hapo.

"Basi ameshaliwa," mzee akasema.

"Na nani?" mama akauliza.

"Si huyu jirani yangu? Kila siku ananuka mchuzi."

Tukacheka. Yunisi akalibonyeza tena tumbo lake.

Wiki ile tulimzika Yunisi. Fahali alirudi mwenyewe.

Ya Neema siyajui, mume wangu, mimi si daktari. Ila mwombe mama yake auachie ule mkono mara mojamoja, kisha atazame tu kidole kinakokwenda.

Ni mimi mkeo, mwenye mvi chache kuliko unavyotangaza.