Sala Mliyoikata Katikati ya Wimbo

Mjukuu wangu Ilunga,

Amani ya Bwana ikufikie huko Liège. Hapa Lubumbashi tu wazima. Mama yako amepona goti, ingawa bado analalamika.

Nimesikiliza kaseti ya kwanza ya marehemu kaka yangu Donati, jinsi mnavyotaka kuitoa sokoni, nami mmenichosha. Unauliza zile kelele za katikati ya wimbo, ambazo fundi wako wa sauti amezikata, zilikuwa nini. Kelele! Ile ni sala ya Malaika wa Bwana, mtoto wangu.

Donati alikuwa akirekodi sebuleni kwetu, akipayuka kama waimbaji wa baa. Kengele ya parokia ikalia saa sita, baba akaingia.

« Baba, acha nimalize kwanza! »

« Kengele haingojake muntu. Simama, tusali. »

Tukasali, kaseti ikiendelea kurekodi. Kisha Donati akashika tena gitaa, akaimba kwa sauti ya chini, ile ile aliyomwomba nayo Bikira Maria. Baba, asiyependa muziki wa dunia, akaketi kusikiliza. Sauti hiyo ndiyo watu walikuja kuipenda.

Ninyi mmeunganisha kule kupayuka kwake na ile sauti ya upole kana kwamba hakuna kilichotokea hapo katikati. Fundi airudishe sala yote, hata kikohozi cha baba. La sivyo, sitoi ruhusa. Kaka yangu hakuzaliwa na sauti ile. Aliipata akiwa amesimama, amenuna, anasali.

Mungu akubariki, akuongezee masikio.

Bibi yako, kambo wako,
Veronika